Msuka Mota

Mafundi wa zamani wa mota hawaanzi na mita, huanza na sikio. Fundi mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini amekaa katika karakana isiyozidi upana wa vitanda viwili, akiletewa mota hutaka kwanza iwashwe, ikiwa bado inawaka. Huiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya gamba lake, akauegemeza mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha akafumba macho mfano wa mtu asikilizaye kisomo. Akiyafumbua huwa ana jawabu: beringi ya mbele imechoka, au, rota inagusa pembeni, au, mara nyingi zaidi, "Hii haina maradhi. Umeme wa kwenu ndio mgonjwa."

Watu humwita msuka mota, na jina hilo limemkaa. Marehemu mama yake alikuwa msusi wa ukili, na yeyote aliyewahi kuwaona wote wawili kazini angekiri kuwa mtoto hakwenda mbali na mama. Mota iliyoungua hufunguliwa, nyaya zake zilizokuwa nyeusi kama makaa hukatwa kwa tindo na kuvutwa nje, chuma husafishwa, vijia vyake hutandikwa karatasi ngumu ya kuzuia umeme, kisha shaba mpya hupitishwa mzingo baada ya mzingo, kwa hesabu ile ile ya mwanzo. Mizingo ikipungua, mota itazunguka, lakini haitadumu. Mwisho hutiwa vanishi na kuanikwa juani. Harufu ya vanishi na harufu ya karafuu mbichi hazifanani hata kidogo, ila zote mbili ni harufu za watu wanaongoja malipo.

Riziki ya fundi huyu, basi, ilitokana na kuungua kwa mali za wenzake, na jambo hilo alikuwa akilijua bila ya kuambiwa. Mwezi wa Mei 2008 Unguja ilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja. Na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kikakaa gizani kwa miezi mitatu, kwa kuwa umeme wake ulitoka Bara kwa njia moja tu iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Wengi wanaikumbuka miezi ile kwa ndoo. Maji ya Unguja aghalabu hutoka ardhini, na maji ya ardhini hayapandi bila ya pampu, wala pampu haizunguki bila ya umeme. Hivyo giza likawa kiu. Fundi anaikumbuka kwa jambo jengine. Jenereta ndogo ndogo zilizonunuliwa kwa haraka zilitoa umeme unaoyumba, na mota za pampu, za mafriji na za mashine za kusagia zikaungua moja baada ya moja. Karakana ilijaa hadi barazani. Alipata katika miezi mitatu zaidi ya alichozoea kukipata kwa mwaka mzima, akamalizia kuezeka nyumba yake kwa bati, na hadi leo hapendi bati lile lisifiwe mbele yake.

Njia ya pili ya chini ya bahari, yenye uwezo wa megawati 100, ilizinduliwa mwaka 2013, na giza la miezi halikurudi. Mota, hata hivyo, hazikuacha kuungua. Kijiji kilicho mwisho wa waya hakipati umeme ule ule anaoupata jirani wa transfoma. Volti 230 za mchana huweza kufika 190 jioni, kila nyumba inapowasha taa na pasi. Mota yenye mzigo wake haipunguzi kazi kwa sababu umeme umepungua; hujaribu kufanya kazi ile ile kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi, na joto la shaba huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukizidi kwa asilimia 20, joto huzidi kwa asilimia 44. Tena mota hiyo, kila inapowashwa kwa ghafla kutoka kimya, huvuta kwa nukta chache mkondo unaokaribia mara sita ya kawaida yake. Mafundi wana kanuni kwamba kila nyuzijoto kumi zinazozidi hupunguza umri wa vanishi kwa nusu. Mota nyingi za vijijini hufa zikiwa bado changa.

Kijiji kimoja cha Mkoa wa Kusini, juu ya ardhi ya matumbawe isiyokuwa na mto wala kijito, kilimletea pampu yake mara tatu katika muda wa miaka miwili. Kila ilipoungua, kamati ya maji ilifikiri kuwa kosa ni udogo wake, ikachangisha na kununua nyengine kubwa zaidi. Walianza na mota ya wati 750, wakaenda 1,100, wakafika 2,200. Kila moja ilivuta maji kwa pupa kuliko iliyotangulia, na kila moja ilizidi kuushusha umeme wa kijiji kwa uzito wake. Na jambo jengine likaingia, ambalo kamati haikulihusisha na mota hata kidogo. Chai ikaanza kuwa na chumvi.

Maji matamu ya chini ya kisiwa hayakukalia mwamba. Yameelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kidogo kuliko hayo. Mholanzi W. Badon Ghyben, katika miaka ya mwisho ya 1880, na Mjerumani A. Herzberg mwaka 1901, aliyekuwa akitafutia maji visiwa vya Bahari ya Kaskazini, kila mmoja kwa njia yake waliifikia hesabu moja: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Hesabu hiyo ni neema ikisomwa upande mmoja. Ikisomwa upande wa pili inatisha, kwani maji ya kisima yakishushwa kwa kipimo kidogo tu na yakakaa hivyo, bahari iliyo chini huanza kupanda, kwa taratibu lakini kwa kipimo kikubwa mara nyingi zaidi. Kisima kinachovutwa kwa nguvu huialika bahari. Kikivutwa kwa upole huweza kutoa maji yale yale kwa siku, na bahari isijue.

Mpwa wa fundi, binti ya dada yake, aliyekuwa amemaliza masomo ya umeme katika chuo cha ufundi, ndiye aliyeyaunganisha mambo haya mawili. Aliingia karakanani siku mota ile ya wati 2,200 ilipokuwa imelazwa mezani, tumbo wazi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni ya kule kusini. Wanaitaka Ijumaa."

Binti akauliza kina cha kisima, urefu wa tangi na saa za kuvuta. Kisha akasema, kwa adabu lakini bila ya kuzungusha maneno, "Mjomba, ukiwasukia hii tena, utawasukia chumvi."

Fundi hakujibu. Malipo ya kazi ile yalikuwa yameshahesabiwa nyumbani.

Ili kuelewa alichokitaka binti, hapana budi kuijua tabia ya mota yenyewe. Mota ya aina hii, iliyotokana na hakimiliki za Nikola Tesla za mwaka 1888 na ikapewa umbo lililozoeleka leo na Michael Dolivo-Dobrovolsky nchini Ujerumani mwaka uliofuata, haina brashi wala waya unaopeleka umeme ndani ya rota. Stata hujenga sumaku inayozunguka, na rota huifuata. Sumaku hiyo huzunguka kwa amri ya marudio ya umeme. Umeme wa gridi hurudia wimbi lake mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50; mota ya ncha mbili hufuata sumaku ya mizunguko 3,000 kwa dakika, nayo hubaki nyuma kidogo, kwenye 2,850 hivi. Kuiambia izunguke kwa nusu ya mwendo huo ni kama kuiambia saa ya ukutani ipunguze dakika.

Fundi alitoa mfano wa pangaboi. Je, halina kile kisanduku cha ukutani chenye namba moja hadi tano? Binti alikubali kuwa linacho, ila alimkumbusha jinsi visanduku vile vya zamani vilivyokuwa vikipata moto. Havikupunguza marudio, vilikula volti tu. Pangaboi huvumilia hilo kwa kuwa upepo ni mzigo mwepesi, na hupungua upesi mwendo unapopungua. Pampu ikinyimwa volti bila ya kupunguziwa marudio, hung'ang'ania mwendo wake na kuungua. Na hiyo ndiyo hadithi ya kijiji chenyewe kila jioni.

Watu walilihangaikia jambo hili kwa karibu miaka mia. Mwaka 1891 Mmarekani Harry Ward Leonard alipata njia ya kuitawala mota kwa kuiwekea mota ya pili na jenereta, mashine tatu kwa kazi ya moja, na lifti nyingi za dunia zilipanda na kushuka kwa njia hiyo. Ilikuwa njia nzuri, yenye gharama ya kifalme. Wepesi ulikuja na vifaa vya silikoni: thairista mwaka 1957, kisha transista za nguvu za miaka ya 1980. Treni za chini ya ardhi za Helsinki, zilizoanza kubeba abiria mwaka 1982, zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuendeshwa kwa mota hizi za kawaida kwa umeme uliotengenezwa marudio yake ndani ya treni. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza safari mwaka 2024, huondoka kituoni kwa ulaini ule kwa sababu hiyo hiyo. Na kisanduku alichokuja nacho binti, cha kijivu, chenye ukubwa wa kitabu kinene, kilitolewa katika mashine ya kufulia iliyotupwa na hoteli moja.

Binti alikiita inveta. Fundi, baada ya kuelezwa kazi yake, alikiita dalali, na jina hilo ndilo lililoshinda. Kisanduku hukaa kati ya gridi na mota. Huupokea umeme kama ulivyo, huunyoosha ukawa wa upande mmoja, huuweka akiba katika kapasita kwa volti zipatazo 325, kisha huuza upya upande wa pili kwa masharti ya mnunuzi. Ushuru wake si mkubwa: katika kila wati 100 hukata tatu hivi.

Uuzaji wenyewe hufanywa na milango sita, yaani transista sita, iliyopangwa jozi tatu. Kila jozi ina wa juu na wa chini, na katikati yao ndipo mguu mmoja wa mota unapofungwa. Milango hufunguka na kufungika maelfu ya mara kwa sekunde. Muda kutoka pigo moja hadi jengine haubadiliki. Kinachobadilika ni mlango unakaa wazi kwa sehemu gani ya muda huo. Kwa mpenzi wa tungo jambo hili halina ugeni mkubwa: urefu wa mshororo ni ule ule, lakini ndani yake sauti na kimya vinagawana nafasi kwa viwango mbalimbali. Mapigo yakinenepa taratibu kisha yakakonda taratibu, koili za mota, kwa uzito wao wa kisumaku, hazihisi pigo moja moja, huhisi wimbi. Na mwenye kuyanenepesha na kuyakondesha ndiye mwenye kuamua wimbi lijirudie mara 50, au 40, au 10. Volti nazo hupunguzwa sambamba: kwa mota ya volti 230, kila hezi moja huenda na volti 4.6, hata hezi 40 zikapewa volti 184. Marudio yakipungua na volti zikabaki juu, chuma hushiba sumaku, na kilichoshiba hakipokei tena ila huungua.

Milango miwili ya jozi moja haifunguki pamoja kamwe. Ikifunguka pamoja, umeme hupita wima kutoka juu hadi chini bila ya kuifikia mota, na transista hupasuka kwa mshindo. Kwa hiyo mmoja akifungwa, husubiriwa kidogo, sehemu chache za milioni za sekunde, ndipo mwenziwe afunguliwe. Fundi alipolisikia hili aliuliza mara mbili. Katika maelezo yote ya siku ile, kimya hiki kifupi ndicho kilichompendeza.

Lakini dalali huyu, aliyekula umeme wa njia moja, hutoa wa njia tatu, na mota ya kijiji haikuwa ya njia tatu. Hapa ndipo kazi ilipomrudia fundi. Alitafuta katika vyuma vyake mota ya wati 1,500 ya njia tatu, akaisuka upya kwa siku nne, kwa waya wenye vanishi maradufu na karatasi nene, kwani mapigo ya milango hupiga mizingo ya mwanzo ya koili kwa ukali ambao umeme wa gridi hauna. Kisha akabadilisha vyuma vidogo vya kwenye kisanduku cha nyaya, kutoka mfungo wa nyota kwenda mfungo wa pembetatu, ili mota iliyozoea volti 400 ikubali 230. Binti alikuwa amelijua jambo hili kwa michoro. Mjomba wake alilijua kwa vidole.

Vidole hivyo vilinusurika. Siku ya kufunga, fundi alizima swichi kubwa, akafungua kifuniko cha dalali papo hapo, kama alivyokuwa amefungua vifuniko vyote vya maisha yake, na kuingiza bisibisi. Ulitoka mwanga wa buluu na mlio kama wa baruti, na ncha ya bisibisi ikaliwa. "Umeme umezimwa, Mjomba," binti alisema alipopata sauti, "lakini haujatoka." Akiba ya kapasita hudumu dakika kadhaa baada ya swichi kuzimwa, na taa ndogo nyekundu ndiyo inayotoa habari hiyo. Fundi alikaa chini ya mnazi hadi taa ikazimika, kisha akakaa dakika nyengine kumi.

Walianza na hezi 50, maji yakapanda kwa kishindo cha kawaida. Wakashuka 45, kisha 40. Kwenye 35 mota ilizunguka vizuri, bila ya joto wala kelele, na tangini halikufika tone. Mwendo ukipungua, nguvu ya pampu ya kuyainua maji hupungua kwa kipeo cha pili, na maji hayawezi kufika nusu ya njia yakasifiwa. Wakapandisha moja moja. Kwenye 38 maji yakatokea mdomoni mwa bomba kama yaliyosita. Wakaacha kwenye 40, na binti akaweka sekunde kumi za kupanda mwendo, hivyo mabomba yaliyozoea kuruka kila alfajiri yakatulia.

Ulaini huu haukumpendeza kila mtu. Tangi lililokuwa likijaa kwa saa mbili sasa lilitaka kutwa nzima. Palikuwa na waliosema kuwa kamati imeibiwa. Kwamba mota ndogo imeletwa mahali pa kubwa. Siku mbili kabla ya Sikukuu, foleni ya ndoo ilipokuwa ndefu, vijana waligundua kirungu cha mbele ya kisanduku na kukizungusha hadi mwisho. Kamba ya kupimia kisimani, ambayo bibi mmoja alikuwa ameifunga fundo jekundu, ilionesha maji yameshuka chini ya fundo kabla ya adhuhuri. Bibi huyo ndiye aliyekuwa mita ya chumvi ya kijiji. Aliyaonja, akayatema, akamwita sheha. Binti akarudi na kukifunga kirungu kwa namba ya siri, na ikawa sasa yeye, msichana wa mjini, ndiye mwenye ufunguo wa mwendo wa maji yao. Hakupenda, na wao hawakupenda. Baada ya majadiliano marefu ukumbini kwa sheha, namba ikakabidhiwa kwa bibi.

Baada ya miezi mitatu chai ilirudi kuwa chai. Masika nayo yalikuwa yamenyesha kwa wingi mwaka ule, na mvua huongeza maji matamu ya chini ya ardhi bila ya msaada wa fundi yeyote. Mjomba alisema ni mvua. Mpwa wake alisema ni hezi 40. Bibi alisema watu wanywe.

Mota ile haijaungua, na haijarudi karakanani. Fundi alipata malipo ya kazi moja mahali alipozoea kupata ya tatu, na tangu hapo wanakamati wa vijiji viwili vya jirani wamekuja kuuliza habari za dalali. Kwanza huwauliza kamba yao ina fundo. Wakishindwa kujibu huwarudisha.

Alikwenda mara moja kuitazama, kwa kuwa alikuwa na shaka nayo. Aliweka bisibisi yake, ile ile iliyoliwa ncha, akaegemeza sikio, akakunja uso. Hakusikia mota. Alisikia mluzi mwembamba wa milango inayofunguka na kufungika mara 4,000 kwa sekunde, ukiwa umelifunika kila kitu.

"Huyu dalali wako anapiga mluzi," alimwambia mpwa wake. "Simsikii mgonjwa."

Binti alieleza kuwa milango inaweza kuharakishwa hadi mara 15,000, ambapo masikio ya mtu mzima hayaukamati tena mluzi huo, ila kisanduku kitapata joto zaidi.

"Kwa dakika moja tu, mwanangu."

Binti alimwomba bibi namba, akabonyeza. Mluzi ukapanda, ukawa mwembamba kama uzi, ukapotea. Fundi akafumba macho. Ng'ombe alilia upande wa mihogo, na maji yakaendelea kuingia tangini taratibu.

"Beringi ya nyuma," akasema. "Nipe spana."